Mkanda wa Kanga, Njia ya Kimbiji

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba mama. Huku Temeke wazima. Baba yako anasifiwa ufundi mtaa mzima, na kanirithi mie, usibishe. Unauliza kipanya chako, hicho kibasi cha abiria, kikichemka njiani ufanye nini. Zima, halafu usikiguse.

Siku napelekwa kwa babu yako Kimbiji, nimeshaozwa, kipanya cha mjomba kikakata mkanda wa feni porini. Rejeta ikafoka mvuke, mjomba akataka kuifungua.

"Itakubabua, mjomba! Iache ipoe," nikasema ndani ya ushungi. Nimekulia gereji ya baba Buguruni, mie.

Basi tukakaa. Mvuke ukapanda taratibu minazini, wanawake walionisindikiza wakaimba chini chini. Nilikuwa naogopa tukichelewa wakwe watasema nimemkataa mtoto wao, lakini hofu nayo ikawa inapoa, sijui vipi.

Ilipopoa nikashuka. Kungwi wangu akaruka: "We mwana! Bibi harusi hakanyagi chini njiani!"

"Asipokanyaga, hafiki."

Nikachana kanga, nikaisokota, nikaifunga kutoka puli ya injini mpaka ya pampu ya maji, badala ya mkanda uliokatika. Mjomba akaongeza maji, tukaenda pole pole, kama tunaelea.

Tulifika wakwe wameanza kukunja majamvi. Babu yako akanishika mkono, akakuta oili juu ya hina. Akanifuta vidole, kimoja kimoja, kwa kanzu yake nyeupe ya harusi.

Mie bibi yako, fundi wa kwanza wa ukoo huu wa babu yako.