Usaili wa Urafiki

Shoga, uko wapi? Unamkumbuka yule mfamasia niliyekwambia amekuwa rafiki yangu tangu wewe uhame? Nimetoka kwake. Hasira bado ninazo.

Nimeingia sebuleni nikakuta wanawake wanne kwenye viti vya plastiki, kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Yeye kashika daftari. Daftari, shoga!

Ananiambia, "Dada, mimi nina nafasi ya rafiki mmoja tu. Nikikupigia ukiwa kazini, utapokea?" Namjibu, anaandika!

Eti nafasi moja! Mtu mzima na akili zake!

Halafu, "Rafiki yako wa mwisho mliachana kwa nini?" Hapo nikakukumbuka wewe. Nikamwambia, "Kazi ninayo, asante," nikabeba mkoba wangu.

Kwenye ngazi nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Mwalimu mmoja, kati ya wale wanne, alikuwa anafuata kuhojiwa. Kanifuata mbio, kiatu kimoja mkononi!

Tumekaa hapo hapo kwenye ngazi, tumemsema yule mama mpaka machozi yakatutoka.

Sasa nimefika nyumbani ndiyo nashtuka. Saa nzima tumeongea, hata jina hatujaulizana. Kesho anakuja kwangu.