Bibi na Toleo Jipya

Jumatatu, 15 Septemba

Barua imefika kutoka makao makuu. Ina mihuri mitatu. Ukiona mihuri mitatu ujue kuna balaa.

Ijumaa saa mbili asubuhi kompyuta zote za vituo vya damu zitapokea toleo jipya la mfumo. Kubwa, la kisasa, litaingia lenyewe kwa mtandao. Sisi kazi yetu ni kutazama tu. Sharti ni moja, limefichwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi: mashine iwe imeshasasishwa mpaka hatua ya mwisho ya mfumo wa zamani. Isiposasishwa, mafaili yaliyomo hayatahamishwa. Yatafutwa.

Nikageuka kumtazama Bibi.

Bibi ndiye kompyuta ya masjala. Jina nimempa mimi. Asubuhi namwasha, nachemsha chai, nainywa, naosha kikombe, nikirudi ndiyo kwanza anakohoa. Hajasasishwa tangu aletwe — miaka kumi na moja! Na humo tumboni mwake ndimo lilimo daftari lote la wachangiaji damu: nani ana kundi gani, anakaa wapi, simu yake namba ngapi. Flashi haitambui. Printa yake ilishatangulia mbele ya haki.

Nikampelekea mkuu wa kituo ile barua. Kwa siri tunamwita Tayari, maana ukimuuliza lolote jibu ni hilo hilo. Glavu zimeagizwa? Tayari. Bomba limezibwa? Tayari, huku maji yanampita miguuni. Akaisoma anatabasamu.

"Kusasisha? Hiyo tayari, mama. Tangu mwaka jana."

Nikaichukua barua nikarudi masjala.

Jioni nimepita kwa mdogo wangu. Tumbo limeshuka, anatembea kama anabeba ndoo. Upasuaji wake wa kujifungua ni Jumatatu ijayo, kwenye hospitali hii hii ya kituo chetu. Kundi lake ni O hasi. Uzazi wa kwanza alivuja damu nusura tumpoteze, na waliomwokoa ni watu wawili niliowatoa kwenye daftari la Bibi, nikawapigia simu. Mimi dada yake wa tumbo moja damu yangu haimfai! Kwenye friji leo kuna chupa ngapi za O hasi? Moja.

Akanitania, eti nimekuja kukagua tumbo au sufuria. Nikacheka. Sikumwambia kitu.


Jumanne, 16 Septemba

Nimefukua majalada asubuhi nzima. Vumbi mpaka kwenye kope. Na kweli, ripoti ipo! Mwaka jana, mwezi wa tatu: "Kompyuta ya masjala imesasishwa kikamilifu." Na picha imebandikwa.

Siku ile naikumbuka vizuri. Tuligawiwa fulana. Bibi akafutwa vumbi, akanunuliwa mausi mpya, akafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na picha ya kwenye skrini ikabadilishwa — ulikuwa mlima, likawekwa ziwa. Wageni wakapiga makofi. Basi. Huko ndiko kusasisha kwenyewe.

Chini ya ripoti kuna sahihi mbili. Ya Tayari, ndefu, ina mkia. Ya pili ndogo, imejikunyata pembeni kama mtu aliyekuja bila kualikwa. Yangu.

Nilikuwa nacheka peke yangu pale chini. Kicheko kikaishia hapo. Nilisaini kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na kila mtu alikuwa ananisubiri mimi. Sababu ndiyo hiyo, nisijitie usafi.

Nimepiga simu makao makuu. Dada wa huko ana sauti nzuri, ya kutangaza ndege zinazoondoka. Masasisho ya zamani anayo, kunitumia ni dakika tano. Lakini kwake kituo chetu kinaonekana kimeshayapokea, na aliyepokea hatumiwi tena. Nikamwambia hatukupokea. Akasema ripoti inasema tumepokea. Nikamwambia ripoti ni ya uongo.

Nikamsikia anakunywa maji.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa: je, mkuu wa kituo anaweza kuliandika hilo kwenye barua, na kulipiga muhuri?

Ha!


Jumatano, 17 Septemba

Nimemvamia Tayari ofisini kabla hajakaa. Nikamweleza yote. Akanitolea macho.

"Unataka niandike kwamba nilidanganya?"

"Hapana, Mkuu. Uandike kwamba tulidanganya. Mimi na wewe. Sahihi ni mbili."

Akacheka kile kicheko cha mtu aliyeuma ulimi. Akanifungia mlango akaniambia kwa sauti ya chini, kama tuna undugu, kwamba wanamhamishia makao makuu. Cheo kikubwa. Ijumaa wageni wanakuja kushuhudia toleo jipya likiingia, pamoja na mpiga picha. Sasa mimi wiki hii ndiyo nimeona nikumbuke mambo ya mwaka jana? Halafu hilo toleo jipya lina akili, litajua lenyewe la kufanya.

Nikamwambia barua inasema mafaili yatafutwa.

"Barua zinaandikwa kutisha watu, mama."

Nikamwambia habari za mdogo wangu. Hapo aliinamisha kichwa — nisimsingizie, aliinamisha kweli. Akasema pole sana, atamweka kwenye maombi. Alipokiinua akaniuliza keki iandikwe "Karibuni" au "Hongera".

Nikaandika barua mwenyewe, nikasaini, nikaituma. Dada wa makao makuu akairudisha kabla sijakaa: haina muhuri. Muhuri umo kwenye droo ya Tayari. Ufunguo wa droo umo mfukoni mwa Tayari. Na Tayari alikuwa ameshakwenda kuchagua keki.

Mume wangu anasema nipunguze kiherehere, mfumo si wa baba yangu. Kweli si wa baba yangu. Ila anayepasuliwa Jumatatu ni binti wa baba yangu! Nikamwambia hivyo. Akavuta gazeti akajifunika uso.


Alhamisi, 18 Septemba

Wazo amelitoa Darubini. Huyu ni kaka wa maabara, nimempa jina hilo kwa sababu kila kitu anakitazama kwa jicho moja. Alikuja kunywa chai, akanikuta nimemkodolea Bibi macho, akauliza kama tunafahamu kuwa kalamu bado zinauzwa.

Kunakili kwa mkono! Wachangiaji wako elfu tatu na ushee, hao wote hatuwawezi. Lakini wenye O hasi hawafiki ishirini. Tatizo Bibi hajui kutafuta kwa kundi. Anajua herufi tu. Lazima upitie A mpaka Z, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa anaufungua kwa mapozi ya bibi harusi. Nikanunua daftari la mistari. Tukaanza saa mbili na nusu.

A, mmoja. B, hakuna. C, wawili, mmoja amefariki — nikasoma dua fupi nikaendelea. Saa sita tuko J. Nina majina manne ya uhakika, na moyo umeanza kushuka mahali pake.

Tayari akaingia bila kubisha hodi.

"Nini hicho?"

"Daftari, Mkuu."

"La mkono? Zama hizi? Wageni wakilikuta hapo mezani watasema hatuna imani na toleo jipya!"

Nikamwambia hatuna. Akajifanya hakusikia. Akaniamuru nilifiche na nimfuate ukumbini, kuna mazoezi. Mazoezi gani? Ya kushika utepe. Kwa muda wa saa tatu nimesimama kama mlingoti nimeshika ncha ya utepe wa plastiki, yeye anakwenda mpaka mlangoni, anarudi, anajifanya mgeni rasmi, anajipigia makofi mwenyewe. Mara tatu alisema nitabasamu. Mara ya nne nikamwonyesha meno yote.

Kumbe kule masjala Darubini amefunga mlango kwa ndani, anaendelea na K, L, M. Nilipoachiliwa nikamkuta yuko Z, jicho jekundu. Jumla kumi na mmoja. Daftari amelitia kwenye droo ya maabara, kesho nitayasoma majina yake na kuanza kupiga simu. Jumatatu tutakuwa na chupa nne, labda tano. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa biskuti.

Mdogo wangu anasema mgongo unamuuma tangu mchana. Eti ni godoro.


Ijumaa, 19 Septemba, saa nne kasoro, asubuhi

Naandika nimeegemea ukuta wa korido, mlangoni pa ukumbi. Nisipoandika nitasema, na nikisema nitafukuzwa leo hii.

Kwa utaratibu. Saa moja nilifika, nikachomoa waya wa mtandao nyuma ya Bibi, nikausukuma chini ya kabati. Mashine isiyo na waya haipokei kitu. Ilikuwa akili ndogo tu, sijui kwa nini haikunijia mapema. Nikakaa nimekunja mikono kama mtakatifu.

Saa mbili kasoro dakika kumi wageni wakaingia, suti sita na mpiga picha. Tayari akaanza kuwaelezea Bibi, akamfunua kitambaa, akamzungusha ili waone vizuri — na akauona waya. Sitamsahau yule mtu. Aliinama kwa suti yake mpya, akapapasa chini ya kabati, akatoka na utando wa buibui kichwani, akauchomeka waya kwa mkono wake mwenyewe. Kamera ikammulika. Akawaambia wageni kwamba kiongozi wa kweli haogopi kuinama.

Saa mbili kamili skrini ikawa bluu. "Mafaili yasiyotambulika yanafutwa. Tafadhali usizime mashine." Makofi! Asilimia tatu, makofi. Asilimia saba, mmoja akapiga mluzi. Miaka yangu kumi na moja inateketea na watu wanashangilia kama mpira umeingia wavuni.

Ilipofika thelathini na moja nesi wa wodi ya wazazi akaja mbio. Mdogo wangu. Uchungu ulimwanza alfajiri — godoro! — na wameshampeleka kwenye chumba cha upasuaji. Anavuja. Ile chupa moja imeshatundikwa na inakaribia kwisha. Wanataka mbili zaidi, haraka. Akaniambia fungua daftari la wachangiaji. Nikamwonyesha skrini.

Nikakimbilia maabara. Nikalitoa daftari drooni, nikapiga simu kwa mpangilio wa herufi. Wa A, haipatikani. Wa C yuko safarini, atafika jioni, akaniuliza kama jioni inafaa. Wa F ananyonyesha mtoto wa wiki tatu, akalia kwenye simu kwa kutoweza kunisaidia, nikawa mimi ninayembembeleza. Wa H alitoa damu mwezi jana kwingine. Majina niliyonakili mimi yakaisha hapo. Nikafunua upande wa Darubini. Mwandiko wake ni wa kuku, nikasogea dirishani. Wa K anakuja! Anaacha kazi sasa hivi, yuko mbali, saa moja na nusu akiwahi. Saa moja na nusu! Wa L, simu ya mtu mwingine siku hizi.

Wa M. Nikasoma jina. Nikalisoma tena. Kundi O hasi. Anakoishi: nyumba ya mkuu wa kituo. Mara alizotoa damu: sifuri.

Darubini akasema alidhani ninajua. Siku ya uhamasishaji Tayari alilala kitandani wa kwanza kabisa, akapigwa picha, akainuka kabla sindano haijafunguliwa. Ile picha ipo kwenye kalenda.

Nikaingia ukumbini na daftari la mistari mkononi. Yeye yuko kwenye maikrofoni, anaelezea damu inavyounganisha jamii. Sikungoja.

"Mkuu, tunataka O hasi sasa hivi. Kuna mama yuko kwenye upasuaji. Uliye karibu ni wewe."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani imo kwenye ratiba!

Akanitazama. Sijawahi kumwona bila tabasamu, na kumbe chini yake kuna uso wa kawaida tu, wa mtu mwoga. Kisha tabasamu likarudi. Akasema ni heshima kubwa. Darubini akaleta kiti, kamba ya mkono, vipimo na sindano. Hiyo ilikuwa dakika kumi na mbili zilizopita. Kwanza kifungo cha shati kilimshinda. Halafu akataka kujua kama sindano ndiyo hiyo au kuna ndogo. Mgeni mmoja akashauri mkono wa kushoto, wa kulia atautumia kukata utepe. Sasa ameketi, mkono wa shati umekunjwa mpaka juu ya kiwiko, kamba imefungwa, mshipa umesimama vizuri kabisa, mpaka mimi wa masjala nauona kutoka hapa mlangoni. Darubini ameinama. Na Tayari ameinua kiganja, anamwambia asubiri kidogo, mpiga picha anabadilisha betri.

Ng'ambo ya korido, kwenye mlango wa masjala ulio wazi, Bibi yuko asilimia sabini na nane.

Nesi amerudi. Safari hii hakuulizia damu. Ameuliza mume wa mdogo wangu yuko wapi, na namba yake ya simu ni ngapi.