Niliposimama wa Kwanza

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo mwanangu Prosper amehubiri hapa Musinzira, Gitega, mara ya kwanza, yeye ndiye mchungaji wetu mpya. Suti ya kijivu niliipiga pasi mwenyewe, mara mbili. Nikakaa benchi la mbele. Sauti ni ya marehemu baba yake kabisa, ila huyu amesoma. Mtoto niliyemzaa kambini Tanzania, ndani ya hema, nikamkuza kwa uji wa mgao — leo wakubwa wa Gitega wanaandika anachosema.

Amesema tumelala. Zamani kanisa hili lilituma watu mpaka Muyinga, kwa miguu. Sasa tumebaki klabu ya kwaya yenye paa zuri. Wengine walikunja uso. Nilisema amina peke yangu, kwa nguvu.

Nje Kasilda wa kwaya akanisuta kwa nini nataka kuitwa Mama Mchungaji. Eti, "Mama Mchungaji ni bibi ya mchungaji. We iko mama yake tu." Prosper hajaoa. Mpaka aoe, cheo ninacho mimi.

Jumatano, 9 Julai

Siku tatu anazunguka nyumba za waumini kutafuta watu wa kutumwa misheni. Huyu ana mtama wa kuvuna. Yule goti linamuuma. Mwingine anasema bon, mafuta ya gari yakipatikana tutaona. Jioni amerudi, hajala.

Nina hofu ya Jumapili. Akiita na asisimame hata mmoja, wazee watamwandikia askofu kwamba kanisa limemkataa. Aliyemtangulia aliondolewa hivyo hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Nimejiponza mwenyewe.

Kwetu mchungaji akiita watu wa kutumwa misheni, anayesimama haketi tena. Katibu anaandika jina, wazee wanaweka mikono, imekwisha. Na mahali panasomwa baadaye, ili mtu asichague. Najua hayo yote.

Akaita. Hakusimama mtu. Akaita tena. Kasilda akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Nikaona shingo ya mwanangu inatoka jasho, nikasimama. Nilisema moyoni, wakimwona mama mzazi amesimama, wataona haya. Na kweli, wakafuata saba, na Kasilda wa mwisho. Nikageuka kuwatazama, najichekea kama bibi harusi.

Ndipo akasoma karatasi. Muyinga. Kilima alikozaliwa marehemu baba yake. Kilima cha Nazario.

Tuliporudi Burundi mwaka 2009, mume nimemzika Tanzania, huyo Nazario, mdogo wake, ndiye alikuwa analima shamba letu lote. Alinisimamisha uani kwenye jua, akasema mbele ya majirani kwamba mwanamke huyu hamjui. Prosper alikuwa na miaka kumi na moja. Akaomba maji. Letisia, mke wa Nazario, akaingia ndani na mtungi wake, akafunga mlango.

Niliapa sitakanyaga pale. Nikaja Gitega, nikauza ndizi mpaka mtoto akasoma.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemuuliza: ulijua kabla sijasimama?

"Nilijua, mama. Ila sikukuita wewe. Niliita kanisa."

Amekwenda kwa Nazario mara mbili tangu Pasaka. Amekula kwake. Hakuniambia. Anasema hawezi kuwapeleka watu wasikotaka kwenda ikiwa nyumba yake mwenyewe haiendi. Nikamuuliza, na shamba? Akasema misheni haiendi kudai shamba.

Basi inaenda kufanya nini, kumshukuru?

Nilisema leo sipiki. Nimepika. Ila sikukaa naye mezani.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna jambo la uji pia. Wazee wetu waliweka desturi: mtu hahubiri kwenye kilima ambako kuna nyumba asimokunywa kwa sababu ya ugomvi. Kwanza anywe pale, watu wakiona. Mzee mmoja alikataa uji wa shemeji yake kule Mutaho, na kundi zima likarudi siku hiyo hiyo. Hawakufungua hata Biblia.

Kasilda amepita asubuhi. "Mi naenda kuangalia tu kama utakunywa." Akacheka. Halafu akaniachia kitenge chake kipya nivae, maana changu kimepauka.

Jumamosi, 19 Julai. Muyinga

Tumefika kwa lori la Aleem, yule muuza vitambaa, alikuwa na mzigo wa kuleta huku. Naandika nyuma ya nyumba ya Nazario. Nimeaga naenda chooni.

Amezeeka. Meno ya mbele hana. Amesimama na kofia mkononi. "Karibu, shemeji." Kama nimetoka sokoni jana. Hakuomba msamaha. Hakusema lolote la ile siku. Nilikuwa nimeandaa maneno miaka kumi na sita, akaninyima hata mahali pa kuyaanzia.

Prosper amemwita Baba. Si baba mdogo. Baba.

Letisia akaleta uji wa mtama, akaonja yeye kwanza kama inavyotakiwa, akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Majirani wamejaa ua mzima. Ndipo nikasema chooni.

Kutoka hapa naona jiwe kubwa na chemchemi. Mume wangu alinichorea mpaka huu wa shamba letu kwa kijiti, kwenye vumbi la kambi, nisipotee tukirudi. Haukuongopa mchoro wake hata kidogo. Kati ya jiwe na chemchemi mtama wa Nazario umeiva vizuri mno.

Kasilda amekuja hadi kona ya nyumba. "Mama Mchungaji, uji unapoa." Hajawahi kuniita hivyo. Nimemwambia waimbe kwanza.

Wako wimbo wa tatu. Prosper hajanifuata. Ananijua.

Letisia ametoka kwa mlango wa nyuma na beseni la maji ya kunawa. Ameliweka chini, mbali kidogo na miguu yangu, akarudi ndani. Mlango ameuacha wazi.

Sijanywa kitu tangu Gitega.