Si Kama Mti

Jumapili, 15 Machi

Leo shule ya Jumapili, somo la uumbaji. Chumba kile nyuma ya kanisa, viti vifupi vinavyonivunja magoti. Tulipoigiza siku ya nne kila mtoto kataka kuwa jua. Mwezi haukupata mtu.

Chiriku — namwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haupumziki — kauliza Mungu aliumba vichanga siku gani. Ya sita, nikasema, pamoja na watu wote. “Basi alikuwa amechoka,” akasema.

Nimecheka. Baadaye, nikipanga viti, kicheko kimeniishia. Mwanzoni mwa mwaka mama yake alijifungua mtoto ambaye hakuliona hata jua la pili. Tangu hapo mama haji kanisani. Baba humleta Chiriku na kumwacha getini.

Jumapili, 22 Machi

Majira. Nimewatoa uani kwenye ule mti uliopukutisha majani yote. Umekufa, wamesema kwa pamoja. Nimekwaruza gome kwa kucha, wakaona ubichi. Haujafa, nikawaambia, umelala tu. Mvua ikinyesha utaamka.

Wamefurahi kweli. Kila mmoja kataka kukwaruza — maskini mti. Chiriku peke yake kimya. Nimemgusa paji la uso nikidhani ana homa. Hana.

Jumatano, 25 Machi

Mama Chiriku kaja kwenye kibanda changu cha kushonea. Nimemkaribisha kiti, kakataa.

Binti yake ametoa nguo za kichanga kabatini, kazikunja, kaziweka kitandani. Anasema mdogo wake amelala, na mwalimu kasema aliyelala huamka mvua ikinyesha.

“Ni wewe uliyemwambia?”

Nimeanza kueleza habari za mti. Nikajisikia ninavyojitetea, nikaacha. Nimeuliza, polepole, nani alimwambia kwamba mtoto amelala.

“Sisi,” akasema. “Ungekuwa wewe ungesemaje?”

Ameondoka bila kuaga. Nimeshona mkono wa shati upande usio wake.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Tangu asubuhi.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Chiriku hakuja. Nimemsimulia mchungaji yote. Kashauri Pasaka niwaimbishe tu, habari za kaburi niwaachie wakubwa. Nia yake njema, najua. Lakini Pasaka bila kaburi nitaianzia wapi? Nimekataa kwa adabu.

Jumapili, 5 Aprili

Wamekuja, Chiriku na mama yake. Wote wawili! Mama kaketi nyuma kwenye kiti kifupi, magoti karibu yaguse kidevu, mkoba mapajani.

Nimewaambia Yesu alikufa. Sikusema alilala. Alikufa, akazikwa, waliompenda wakalia. Kisha Mungu akamfufua. Mkono wa Chiriku juu.

“Na mdogo wangu?”

Nimefungua kinywa. Mama yake kanitangulia.

“Mdogo wako alikufa, mwanangu. Hakulala. Tulikudanganya.”

“Kwa hiyo mvua haimwamshi?”

“Haimwamshi.”

“Mungu je, hawezi?”

Mama kanigeukia mimi. Nimesema anaweza, na mimi naamini atamfufua, yeye na sisi sote. Lakini si kama mti. Si msimu huu wala ujao. Siku yenyewe siijui.

Chiriku kafikiri. Ndipo akalia, kilio kizito, cha mtu mzima. Mama kampakata palepale. Mtoto mmoja kamsogelea na kumpa biskuti aliyokwisha kuing'ata.

Naandika haya hapa darasani, watu wametawanyika. Chiriku anataka kuona mdogo wake alipozikwa, na mama yake kaniomba niwasindikize. Nimeuliza kama ni mbali.

“Sijui, mwalimu,” akasema. “Walimzika mimi nikiwa hospitali. Baba yake ndiye anayejua njia. Hatujawahi kulizungumza.”

Wametoka kwenda kumwambia. Ninawaona kutoka dirishani: baba yuko getini kama kawaida yake, funguo mkononi. Mama anasema. Anasema kwa muda mrefu. Sasa mwanamume ameketi chini, pale pale barabarani, na suruali yake ya kanisani, na Chiriku anamvuta mkono ainuke.