Gauni la Mota

Jumatatu, 8 Juni

Nimeosha vikombe vya mtindi tangu saa moja asubuhi. Vidole vimekunjamana kwa maji. Sijali. Idrisa alikuwa hatua tano tu kutoka kwangu siku nzima. Mume wangu. Wiki ya tatu, na bado nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu. Yeye ndiye fundi wa mota mpya ambayo Bwana Harshad, bosi wetu, ameiagiza kutoka nje kwa ajili ya kiwanda chetu cha mtindi. Kweli ni enzi ya ruksa. Juzi tu tulipanga foleni ya sabuni, leo Kariakoo ina mota inayong'aa kuliko sufuria za harusi yangu. Inashusha mkono, inabana kifuniko cha kikombe, na ndani yake kuna kipima nguvu kinachojua imebana kiasi gani. Namba kwenye kioo chake inapanda hadi arobaini, mkono unanyanyuka, namba inarudi sifuri. Idrisa anaifuta kwa leso niliyomtarizia. Bi. Tatu, mkubwa wetu wa kuosha, akaniambia, "Mwanangu, umeolewa uke wenza na hukuambiwa." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Kidogo iliniuma.

Jumanne, 9 Juni

Aliyekuja kuifunga mota alisema imwagiwe maji kila jioni. Eti imefanywa laini makusudi, haina nati za nje wala mwanya, maziwa yasipate pa kujificha. Idrisa haamini. Amesuka nyaya za mota mtaa wa Gerezani miaka sita. Kwake maji na mota ni talaka. Anaogopa kuiua.

Nimepata wazo. Nimevua nailoni ya godoro letu jipya na kuishona gauni la mota. Lina mshipi, mpira wa tyubu ya baiskeli. Idrisa alinikumbatia kabla sijakata uzi. Nampenda huyu mtu mpaka nachoka.

Jumatano, 10 Juni

Gauni limekaa vizuri ajabu, limeshuka mpaka kwenye mkono, mshipi umeukaza, nalo halivuliwi hata mota ikifanya kazi. Bi. Tatu kasema hajaona mwanamke anayemshonea mke mwenza. Furaha tupu.

Ijumaa, 12 Juni

Sielewi. Mkono uko juu, haugusi kitu, na namba inasoma tisa. Mota inadhani imeshabana wakati bado. Vifuniko vinalegea. Duka moja la Upanga limerudisha katoni zote, mtindi unachuruzika. Na kuna harufu ya uchachu, hakuna anayejua inatoka wapi. Idrisa kafungua hiki, kafunga kile, jasho likamtoka. Bwana Harshad hakupaza sauti. Alisema tu Jumatatu ikiwa hivi hivi, ataleta fundi mwingine.

Tuna chumba cha kupanga Buguruni na godoro lisilo na nailoni. Idrisa bila kazi hii ni nani? Siyo kwangu. Kwake mwenyewe.

Jumamosi, 13 Juni

Kitabu cha mota anacho nyumbani. Kila jioni hukifunua. Nilimuuliza kinasemaje, akajibu amekisoma chote. Alipokwenda kuoga nikakichukua. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha. Ukurasa wa kumi na moja, herufi nene: usifunge wala kutundika chochote chini ya kipima nguvu, kitahesabiwa kama nguvu ya kubana.

Tisa ile ni mshipi wangu.

Kuna jingine. Alama yake, tiketi ya basi, ilikuwa katikati ya kurasa za lugha nyingine kabisa. Nadhani Kijerumani. Jioni zote zile alikuwa akitazama Kijerumani.

Amenidanganya? Au ameona haya? Hata hasira sijui nimkasirikie nani. Nikimwambia, namvua nguo. Nisipomwambia, Jumatatu inakuja.

Jumatatu, 15 Juni

Sikumwambia. Nilitangulia kazini nikakata mshipi na kuvua gauni. Chini yake maziwa yalikuwa yameganda, ya manjano, yananuka. Namba ikarudi sifuri. Nilipogeuka, Idrisa alikuwa mlangoni na Bwana Harshad nyuma yake, akiuliza nani aliivalisha mota. Nikafungua kinywa. Idrisa akaniwahi.

"Mimi, bosi. Nilidhani naitunza."

"Kitabu hukusoma?"

Idrisa akaikunja leso yake. Kisha akasema, taratibu, "Sikukielewa."

Bi. Tatu hakufanya mzaha. Bwana Harshad akamwambia aioshe hapo hapo, na kazi aendelee nayo. Idrisa akafumba macho, akafungulia maji. Mota haikufa.

Jioni hakuningoja.

Jumatano, 17 Juni

Siku ya pili sasa ananiambia asante ya chakula tu. Sijui amenikasirikia mimi, kitabu au nafsi yake. Niliyejiona namjua mpaka pumzi, simjui.

Leo baada ya chai alikileta kitabu mkekani, akaketi karibu yangu. Akasema sehemu ya grisi ina maandishi madogo, macho yanamsumbua.

Nikasema ni kweli, ni madogo mno. Nikamsomea polepole kwa Kiswahili. Sikumtazama usoni.