Kikombe Nilichokitikisa

Muscat, Jumatano, Disemba 1970

Leo hali ya hewa ni nzuri, upepo wa baridi tangu asubuhi, na jirani zangu wote wamevaa makoti kama watu wa Ulaya. Mimi sina raha nayo. Kichwa kinaniuma, mdomo mchungu, na chumba cha pili mama yangu anatoa nguo zake kwenye sanduku na kuzipanga.

Sijambusu mkono.

Siku hii nimeingoja tangu mwaka wa sitini na nne, tulipoachana Unguja. Mimi nilikimbilia Kuwait, yeye akaenda Mombasa kwa dada yake. Mwaka huu mlango wa Oman ulipofunguliwa nikaja, nikapata ukarani na ukalimani kwa wakala wa meli za mafuta pale Mina al Fahal, na mshahara wa kwanza tu nikamtumia nauli. Meli yake ilikuwa ifike leo alasiri. Nilijua. Naliandika hilo mapema nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi nilipanda meli ya mafuta ya Kijapani kupeleka karatasi za kutiwa sahihi. Tulipomaliza, afisa wao mmoja, Bwana Mori, akanikaribisha chumbani kwake. Ni mtu mpole, anacheka kwa macho. Kwao wanatengeneza sake, ile pombe yao ya mchele, kazi ya babu yake na baba yake, na safari hii amekuja na chupa za kila aina. Alizipanga mezani kama anionyeshaye picha za watoto wake.

"Kidogo tu," akaniambia kwa Kiingereza chetu cha bandarini. "Unipe ladha yake."

Hakunilazimisha. Ningesema dini yangu hainiruhusu, angenipa chai na tungebaki marafiki. Lakini mimi ni mtoto wa mpishi. Mama akipikia maharusi Unguja nzima, na kila sufuria nikiionja mimi kwanza, ndiyo maana nikaota kiburi cha ulimi. Nilitaka kujua. Nikajiambia kikombe kimoja, basi, mpaka alasiri kitakuwa kimeshapotea.

Vikombe vyenyewe ndivyo vilivyoniponza. Vidogo, vya kaure, havina mkono, sawasawa na finjani zetu za kahawa.

Ya kwanza ilikuwa baridi, safi kama maji. Nilitegemea ikwaruze koo, haikukwaruza. Ilipita laini, nyuma yake ikaja harufu ya tunda, nami nikahangaika kulitafuta jina lake. Tikiti? Ndizi mbivu? Kabla sijaamua, ikakauka ulimini kama hakikupita kitu.

Nikakitikisa kikombe. Hapa kwetu mgeni akitosheka hutikisa finjani, na mwenyeji haongezi tena. Nilifanya bila ya kufikiri. Bwana Mori akaona kikombe kitupu kinacheza mkononi mwangu, akafurahi, akakijaza. Kwao asiyetaka tena hukiacha kimejaa, lakini hilo aliniambia tulipokuwa tukiagana. Basi mimi nikimaliza kwa adabu, nikitikisa kwa adabu, na yeye akimimina kwa adabu.

Ningeweza kusema hapana kwa mdomo. Sikusema.

Ya pili aliipasha moto, chupa imesimama ndani ya maji. Mvuke wake ni ule wa wali unaokaribia kuiva, pale unapofunua sufuria. Nikadhani ndiyo nitakayoipenda, lakini chini yake mna ukali unaopanda puani na kuchoma macho. Ya tatu ilikaa kwenye pipa, na nilichoonja ni mbao tupu, kama nimelamba mlango mpya wa seremala. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka sana, akaniongeza.

Ya mwisho ilikuwa nyeupe, nzito kama tui, na chenga za mchele zimetuama chini. Tamu, chachu kidogo, inatekenya ulimi. Nikafumba macho. Ni unga wa vitumbua uliolala ukaumuka. Nikajiona niko jikoni Unguja, nachovya kidole kwenye bakuli na mama ananipiga kofi la mkono. Hiyo niliipenda, Mwenyezi Mungu anisamehe, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilipotoka nje bahari ilikuwa shwari na mimi nayumba.

Dereva wa kampuni alinichukua bila ya kuniuliza kitu. Sokoni Matrah nikamsimamisha, nikanunua karafuu za kuficha harufu, nikatafuna mpaka ulimi ukafa ganzi. Marehemu baba alikuwa akinukia karafuu siku zote, kwangu ndiyo harufu yake. Nikajituliza kwa hilo.

Mama aliteremka kwenye mashua pale forodhani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na kikapu chake kile kile. Akaninyooshea mkono. Mimi nikasimama kule, kiganja kifuani, uso nimeugeuza pembeni, nikamwamkia kama ninavyomwamkia mke wa mtu. Mkono wake ukabaki hewani. Kisha akautumia kutengeneza buibui lake.

"Mbona wanisimamia mbali?" akaniuliza. "Mie si mgeni wako."

"Nna mafua, mama."

Njia nzima alizungumza na dereva. Magharibi akaniita tuswali pamoja, nikasema nitaswali baadaye. Nikamsikia peke yake nyuma ya pazia, na pale ndipo nilipolia. Safari yote ile, na swala ya kwanza nyumbani kwa mwanawe akaiswali peke yake.

Halafu akaleta kahawa. Nikanywa finjani moja, nikaitikisa, akaipokea. Hakuondoka.

"Baba yako na yeye akitafuna karafuu," akasema, anaiangalia ile finjani. "Siku ambazo hataki nimsogelee. Miaka yote nikingoja anambie mwenyewe. Kafa hajanambia."

Akanipa pole ya mafua, akaenda zake kupanga nguo.

Kumbe alijua tangu forodhani. Na harufu ile niliyoipenda utoto wangu wote, yeye aliijua kwa jina lake jingine, akaninyamazia. Sijui nimlilie nani, baba au yeye. Najua tu kwamba sijui nitamtazamaje usoni, na kwamba nimemrudisha palepale alipokuwa na baba, kungoja.

Nilikaa hapa niandike kwamba nitamwambia kesho. Lakini taa ya chumba chake bado inawaka, na namsikia anafunga sanduku.

Naweka kalamu chini, nikamgongee mlango.