Kete Zinazohama Zenyewe

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na huo mgongo umeamua kukuacha upumue. Nasema "itakukuta" kwa kujipa moyo tu, maana posta yetu wewe na mimi tunaijua. Huku hatujambo. Shemeji yako mzima, ila bado ananung'unika kwamba meza ya sebuleni imekuwa ya drafti na yeye mwenye nyumba anakula sahani ikiwa magotini. Mama hajambo. Habari zake nitakueleza kwa kirefu, lakini niache kwanza nikusanye akili, maana kichwa changu leo kimevurugika kama droo la nyuzi.

Nianze na barua yako ya mwisho. Kaka, umenisema vibaya! Unaniuliza nilimla lini kingi wako wa drafti, ile kete yako iliyopanda cheo. Unadai kwenye ubao wako kingi yupo, amejikalia pembeni raha mustarehe, na mimi nimekuchorea ubao ambao hayupo kabisa. Halafu ukaandika kwamba kama nataka kumchukua Mama kwa wizi, niseme wazi. Neno hilo lilinichoma. Nililisoma nimesimama pale pale kwenye masanduku ya posta, nikaikunja barua, nikaikunjua, nikalisoma tena nikidhani macho yangu ndiyo mabaya.

Maana mchezo huu kwangu si mchezo, na kwako najua vile vile. Tangu siku ile tuliyorushiana maneno kwenye simu, wewe ukisema Mama aje akae kwako huko machimboni, mimi nikisema haendi popote, abaki hapa kwangu, nikakukatia simu, hatujasikiana tena sauti. Wazo la drafti lilikuwa lako na nililipenda. Tucheze kwa barua kama tulivyozoea tangu ulipoanza kazi, na mshindi ndiye akae na Mama. Nilijiambia, angalau kwenye karatasi mtu hawezi kupiga kelele. Kumbe unaweza.

Ile kanuni tunayoifuata, ya kwamba ubao uliochorwa chini ya barua ndio wa kuaminiwa, nilikuletea mimi kutoka kwa Bi Mbegu. Nimeshakusimulia habari zake, yule mama anayebadilishana mbegu za maua kwa posta na watu asiowajua hata sura. Safari moja bahasha ilimfikia mizizi imeshatoboa karatasi inachungulia nje! Yeye hupanda chochote kilichofika na haulizi kilipaswa kuwa nini. Ndipo nikakuandikia kwamba na sisi tufanye hivyo: ubao wa mwenzako ukitofautiana na wako, hesabu kuna barua imepotea njiani, panga kete zako zifanane na zake, songa mbele. Ukakubali. Hata mkusanya stempu, yule mzee anayefungua sanduku jirani na langu, alisema ni busara, kwa sababu yeye barua zake humfikia stempu zimeshabanduliwa na mtu, anabaki na barua tupu, kitu asichokihitaji hata kidogo.

Basi tukacheza hivyo. Wewe ukiona ajabu unalaumu posta, mimi nikiona ajabu nalaumu posta. Na ajabu zilikuwa nyingi, kaka, ila nilikuwa sikuambii zote. Naacha kete zako mbili nimezibana, nimebakiza kuzimeza tu, nikirudi jioni moja imeshachomoka. Nikadhani barua yako ilikuja, nikasogeza, nikasahau. Nikaanza kujiogopa. Nikamshuku shemeji yako, akaapa kwamba kwenye sebule ile yeye hagusi kitu ila rimoti. Mara nyingine kete iliyohama ilikuwa yangu, tena imehamia mahali pazuri kuliko nilipoiacha, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana mwizi gani anakuletea vitu nyumbani? Nilikubali tu. Yule kingi wako kutoweka, nilidhani nilimla kwa hatua iliyokuwa kwenye barua iliyopotea.

Ulipoandika neno wizi, nilikwenda moja kwa moja kwa karani wa dirishani nikamwaga hasira zote. Nilimwambia wanatugombanisha ndugu. Maskini, alipekua magunia mpaka shati likalowa jasho. Akaniambia kwa upole kwamba barua zetu zinachelewa, hilo hakatai, lakini kwa anavyokumbuka za kwako zote zimefika. Nikamwambia asinifanye mtoto. Nikatoka nimenuna.

Siku iliyofuata mkanda wa cherehani ukakatika nikiwa katikati ya kushona sare za watu, nikafunga duka mapema. Naingia nyumbani, mlango wa sebule uko wazi. Mama ameinamia ubao, kitambaa cha vumbi begani, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtu anayetunga uzi. Na kwa vidole viwili ameshika kete yangu.

Hakushtuka. Alisema anapangusa vumbi. Nikamwuliza ni vumbi gani hilo linalobeba kete kutoka mstari huu mpaka ule. Akaishusha kete, akaitazama vizuri ilivyokaa, ndipo akaniambia nikae chini.

Kaka, ni yeye. Tangu mwanzo ni yeye! Kila ulipokaribia kunifunga, alinipa njia. Kila nilipokaribia kukufunga, alikupa wewe. Kingi wako alimtoa yeye, amesema alikuwa ameshaleta kiburi. Nilipomwuliza drafti kaijulia wapi, alinicheka. Alisema alikaa nyuma ya bega la Baba miaka yote ile akimshikia chai, sisi tulidhani anatazama chai? Na kanuni yetu tuliyojivunia ndiyo iliyomrahisishia kazi. Alikuwa anahamisha kete huku, mimi nakuchorea, wewe unatii na kuulaani mkono wa posta. Watu wazima wawili tumechezeshwa na kitambaa cha vumbi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia ametufanya tuitane wezi. Hapo akaacha kucheka. Alisema wakati ule tunagombana kwenye simu yeye alikuwa jikoni, anasikia yote, anangoja mmoja wetu aseme hebu nimpe Mama simu. Hakuna aliyesema. Tukaanza drafti, naye akaona kwamba tunaandikiana, na kila barua ina mahali inapouliza mgongo wako vipi, macho yako vipi. Akaniambia mchezo ukiisha, mmoja atamchukua na mwingine atanuna mpaka kaburini, na yeye atakuwa amebaki na mtoto mmoja. Basi akaona bora usiishe.

Nililia, kaka. Nilicheka pia, wala sijui nilianza na kipi. Nikamwuliza nani angeshinda kama angetuacha. Amekataa katakata kusema, na ubao wenyewe siwezi tena kuusoma, sijui kete ipi ni ya haki na ipi ni ya Mama.

Ndipo nikamwuliza kitu ambacho, naona haya kukiandika, hatukuwahi kumwuliza si wewe si mimi. Nilimwuliza anataka kukaa wapi. Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha ya kigeni. Kisha akasema, nyumbani. Si kwako, si kwangu, nyumbani kwake. Kwenye kitanda chake na sufuria zake. Alisema nyumba tuliifunga Baba alipofariki kwa sababu sisi ndio tulioshindwa kukiona kiti cha Baba kikiwa kitupu. Yeye kile kiti anakitaka. Anataka kukaa karibu nacho.

Nilibaki nimeshika kete mkononi kama mjinga. Bado sielewi tulianzaje kumcheza Mama kana kwamba yeye ndiye kete, watu tunaompenda hivi.

Kesho nitakwenda kumwomba karani wa posta radhi na kumkabidhi barua hii kwa pamoja. Kete nimezirudisha kwenye kopo, kwa hiyo ubao wa kukuchorea leo sina. Shemeji yako amekula mezani, anakusalimu kwa furaha usiyoiwazia. Bi Mbegu na mzee wa stempu nao wanakuulizia. Mama anasema anakubusu kichwani, na kwamba ule upande wako wa kushoto uliulinda vibaya sana.

Ufunguo wa nyumba unao wewe. Tafadhali kaka, usiutie kwenye bahasha. Kitu hiki kimoja kilete mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako mkorofi,
Sindano